Sihri ya Bibi wa Hadithini na Uganga wa Bwana wa Nyumbani

 

Usiku mmoja baada ya sala ya Isha, tukiwa tumekaa barazani, alitujia bwana mmoja, mtu mzima mwenye heshima zake mtaani, ameshika kitabu mkononi kama aliyeshika nyoka mkiani. Kitabu chenyewe alikuwa amempokonya bintiye, aliyekiazima shuleni. Nilipokitazama nikakijua. Ni hadithi ya Mwingereza C. S. Lewis iliyotolewa mwaka 1950, ya simba na kabati na bibi mchawi aliyeifunga nchi nzima katika baridi, ikawa barafu mwaka hata mwaka, na kila anayempinga humgeuza jiwe. Filamu yake ilitoka mwaka 2005. Yule bwana akasema: "Maalim, liandikie jambo hili. Waambie watu wavichome vitabu hivi. Mwanamke, tena mchawi, tena malkia! Binti yangu atatoka na nini humu?"

Nikamwahidi kuwa nitaliandikia, na ahadi ni deni. Leo nalilipa. Lakini nachelea kwamba nitakayoyasema siyo aliyotaka kuyasikia. Kwani asubuhi ya pili yake nilipita dukani kwake kununua sukari, na juu ya mlango nikaziona hirizi mbili zilizoshonewa ngozi nyekundu. Na mwenyewe, bila ya kuona haya, akanieleza kwamba chini ya mlango ule kumefukiwa kitu alichopewa na fundi mmoja wa mbali, ili wateja wasimpite wakaenda kwa jirani. Nikaondoka na sukari yangu huku najiuliza: baina ya binti aliyesoma kisa cha sihri na baba aliyeinunua sihri kwa fedha taslimu, ni nani anayestahiki kuonewa khofu zaidi?

Kabla sijaendelea nafunga mlango mmoja, asije mtu akasema kwamba fulani kaandika kuitetea sihri. Sihri ni haramu, na ni katika madhambi makubwa. Mtume wetu (S.A.W.), katika hadithi waliyoipokea Bukhari na Muslim, ametuhadharisha na mambo saba yenye kuangamiza, akaanza na kumshirikisha Mwenyezi Mungu, na la pili yake likawa ni sihri. Na Qur'ani Tukufu, katika Sura ya Al-Baqara aya ya 102, inatueleza kwamba Nabii Suleiman (A.S.) hakukufuru; waliokufuru ni mashetani waliokuwa wakiwafundisha watu sihri, na waliojifunza walijifunza la kumfarakisha mtu na mkewe, wala hawawezi kumdhuru mtu nalo ila kwa idhini ya Mwenyezi Mungu. Haya hayana mjadala. Hiyo ndiyo hukumu ya sihri akiitenda mwanamume, ndiyo hukumu yake akiitenda mwanamke, na ndiyo hukumu yake akiitenda malkia wa barafu ndani ya kitabu cha watoto.

Ninalolipinga mimi ni jingine. Napinga desturi tuliyoizoea mpaka hatuioni tena, ya kwamba sihri ikitajwa tu macho yetu humwendea mwanamke. Na kinyume chake, mwanamke akionekana ana nguvu, akili zetu hukimbilia sihri. Watunga hadithi, wa kwetu na wa Ulaya, wameifanya desturi hii kuwa tamu. Nasi tunainywa kama sharubati, kisha tunalaumu gilasi.

Tuanze na Kitabu chetu. Ni nani wachawi waliotajwa kwa urefu katika Qur'ani? Ni wachawi wa Firauni, wa Sura za Al-A'raf, Yunus, Taha na Ash-Shuaraa. Hao walikuwa wanaume, watu wa serikali, waliokusanywa kutoka mijini kwa amri ya mfalme, na kabla hawajazitupa kamba zao na fimbo zao walimwuliza kwanza Firauni habari ya ujira wao. (Mganga ni yule yule tangu zama hizo, fedha mbele, maneno baadaye.) Walipoiona haki ya Nabii Musa (A.S.) wakaanguka kusujudu, na Firauni akawatishia kuwakata mikono na miguu na kuwasulubu. Na katika jumba lile lile la Firauni, nani amepigiwa mfano kwa wote walioamini, katika Sura ya At-Tahrim? Ni mkewe, ambaye wanazuoni humwita Asia.

Sasa mtazameni Malkia wa Sabaa katika Sura ya An-Naml. Mwanamke huyu ana kiti cha enzi kikubwa, ana jeshi, ana mawaziri. Ndege Hud-hud anapoleta khabari zake kwa Nabii Suleiman, kinachoshutumiwa ni kwamba yeye na watu wake wanalisujudia jua. Ilipomfikia barua aliwataka shauri wakubwa wake. Wao wakajisifu nguvu zao za vita, yeye akakumbuka wafalme wanavyoiharibu miji wanapoiingia, akataka kwanza kumpima mwenziwe kwa zawadi. Akili ilikuwa upande gani hapo? Kisha kiti chake kikaletwa kabla ya kupepesa jicho, si kwa nguvu za Ifriti aliyejitolea kukileta, bali na mtu aliyekuwa na ilimu ya Kitabu. Na mwisho malkia yule akasilimu. Katika habari yote hii hamna sihri hata chembe iliyotendwa na malkia huyo.

Watunga visa hawakuridhika. Waliona haiwezekani mwanamke atawale vile bila ya kuwa na kitu nyuma yake, basi wakaongeza mambo yasiyokuwemo katika Qur'ani: ati mama yake alikuwa jini, ati miguu yake ilikuwa na manyoya, ati ilikhofiwa kuwa ana kwato. Visa hivi vimo katika vitabu vya Visa vya Mitume, na mimi mwenyewe nimevisikia udogoni vikisimuliwa kwa furaha kubwa. Angalieni jinsi inavyokwenda: Mwenyezi Mungu katutajia malkia mwenye busara, sisi tumemchanganyia damu ya jini.

Kuna atakayeniuliza: na Sura ya Al-Falaq je? Si tunajikinga kwa Mola na shari ya wapulizao mafundoni, na neno lenyewe katika Kiarabu limekuja kwa umbo la kike? Jawabu ni kwamba wafasiri hawakuafikiana katika umbo hilo. Wako waliosema ni wanawake hasa, wakawataja binti za Labid bin al-Aasam. Na wako waliosema muradi wake ni nafsi, au makundi ya watu, wake kwa waume, kwani nafsi katika Kiarabu ni neno la kike. Sheikh Muhammad Abduh wa Misri, aliyefariki mwaka 1905, alikwenda mbali zaidi akasema hao ni wafitini wanaoyafungua mafundo ya mapenzi baina ya watu kwa ndimi zao. Chukua kauli uitakayo. Lakini usisahau kwamba katika hadithi ya Bukhari, aliyetajwa kwa jina kuwa ndiye aliyemfanyia Mtume (S.A.W.) sihri ni Labid mwenyewe, mtu wa Banu Zurayq, na Labid hakuwa bibi kizee.

Tuje katika hadithi zenyewe. Kabla ya kukichoma kitabu cha Mwingereza tukitazame kilichomo makabatini mwetu, nacho ni Alfu Lela Ulela, kilichotiwa katika Kiswahili tangu zama za ukoloni, na ambacho hata wasiosoma walisimuliwa na bibi zao. Wanazuoni wa zamani hawakukitukuza. Ibn al-Nadim, muuza vitabu wa Baghdad, aliyeandika Fihrist yake mwaka 377 H. (987), alikitaja kitabu cha Kiajemi ambacho ndicho asili yake akasema ni kitu duni kisicho ladha. Lakini watu walikipenda, na tunakipenda hata leo, na wachawi wanawake waliomo humo hawahesabiki kwa vidole.

Kumbukeni kisa cha Sheikh wa kwanza, yule mwenye paa. Ameishi na mkewe, ambaye ni binti ya ami yake, miaka thelathini bila ya mtoto, kisha akatwaa suria akapata mtoto wa kiume. Akasafiri. Mkewe, ambaye tangu utoto alijifunza sihri, akamgeuza yule kijana ndama na mama yake akamgeuza ng'ombe, akawatia mikononi mwa mchungaji. Na mume aliporejea akaambiwa suria kafa na mtoto katoroka. Ikafika Idi ya kuchinja. Mume akataka ng'ombe aliyenona, akaletewa yule mama. Akalia ng'ombe, akalia, na bado akachinjwa. Na alipochunwa hakukutwa na nyama wala mafuta. Kisha akaletwa ndama, akajigaragaza miguuni pa baba yake huku machozi yanamtoka, na baba moyo ukamwingia huruma, akamwacha.

Hapo ndipo anapoingia mchawi wa pili, naye ni binti wa mchungaji. Baba yake alipoingia nyumbani na ndama yule, binti alijifunika uso, akalia, kisha akacheka, akamlaumu baba yake kwa kumwingizia mwanamume asiye maharimu wake! Kwani yeye, kwa sihri aliyofunzwa na kizee mmoja, alimtambua kuwa yule si ndama. Alipoombwa amrejeshe kijana katika umbo lake akatoa masharti mawili: aolewe naye, na aruhusiwe kumgeuza yule mke mkubwa. Akamrejesha kijana, akamgeuza mke mkubwa kuwa paa, na mume anatembea naye mpaka leo ya kisa, amemfunga mnyororo.

Nawauliza akina mama mnaonisoma, na akina baba pia: mlipokisikia kisa hiki mlimpenda nani? Mlimpenda binti wa mchungaji. Hata mimi nilimpenda. Ana haya, ana stara, anajua mwiko wa mwanamume ajinabi, anamrejesha mtoto kwa babake. Lakini sihri aliyonayo ni ile ile ya mke mkubwa. Ametoka chuo kile kile, kwa kizee. Na amemgeuza kiumbe wa Mungu mnyama, kama alivyofanya mwenziwe, na akatoza ujira juu yake. Stara yake ni njema na sihri yake ni haramu, na vyote viwili vimo katika mtu mmoja. Hili ndilo jambo ambalo hadithi haitaki tulione. Inatufundisha kwamba sihri huwa mbaya ikiwa kwa mwanamke mkongwe, mwenye wivu, mke mkubwa. Na huwa nzuri ikiwa kwa msichana mzuri anayetusaidia sisi.

Wala msidhani hili ni jambo la hadithini tu. Kuondoa sihri kwa sihri kuna jina lake katika fikihi, huitwa nushra, na wanazuoni wameizungumza. Amepokea Abu Daud kwamba Mtume (S.A.W.) aliulizwa habari ya nushra akasema kuwa ni katika kazi ya shetani. Na imepokewa katika Bukhari kutoka kwa Said bin al-Musayyab, mwanachuoni mkubwa wa Madina, kwamba aliyefungwa na mkewe hapana ubaya kufunguliwa, kwani wafanyao hivyo wanataka kutengeneza. Ibn al-Qayyim, aliyefariki mwaka 751 H. (1350), akazipatanisha kauli hizi: kuiondoa sihri kwa sihri ya mfano wake ndiyo kazi ya shetani, ama kuiondoa kwa kisomo, kwa kujikinga kwa Mola, kwa dua na dawa za halali, hilo linafaa. Basi kila anayekwenda usiku kwa fundi, akasema "mimi sendi kumdhuru mtu, naenda kujitoa tu", huyo ndiye mteja wa binti wa mchungaji. Na yule fundi naye atamwambia ni nani aliyemroga, na jina atakalolitaja, mara tisa katika kumi, ni la mwanamke: shangazi, mke mwenza, mama mkwe, jirani mjane. Sina hesabu iliyoandikwa ya jambo hili, lakini anayebisha na aulize nyumbani kwake.

Kiko kisa kingine ninachokiona bora kuliko vyote vya kitabu kile, nacho ni cha Kalandari wa pili. Mwana wa mfalme kageuzwa nyani na Ifriti. Analetwa mbele ya mfalme mmoja, na binti ya mfalme anapoingia anajifunika, anamwambia baba yake kuwa huyu si nyani. Baba hakujua hata siku moja kwamba bintiye ana ilimu ya sihri, milango mia na sabini, aliyofunzwa na kizee aliyemlea. Binti akapigana na Ifriti: huyu simba, yule nge, huyu nyoka, yule tai, wakaingia majini, wakatoka moto. Mwisho akamshinda Ifriti, akamrejesha kijana katika umbo lake, lakini cheche ya moto ilikwisha kumwingia, akaungua mbele ya macho ya baba yake na shahada mdomoni, akawa jivu. Kijana naye aliingiwa na cheche akapofuka jicho moja.

Yule aliyekisimulia kisa hiki alikuwa na uadilifu kuliko watunzi wengi wa leo. Hakumwachia binti wa mfalme atoke salama kwa kuwa ni mzuri. Alisema: moto ni moto, hata aliyeuchezea kwa wema utamuunguza. Akampa shahada, asimnyime rehema ya Mola wake. Lakini hakumpa ushindi wa bure. Mzazi anayetaka kumfundisha bintiye ubaya wa sihri, na amsomee kisa hiki badala ya kumpokonya kitabu.

Ama kisa cha mfalme kijana aliyegeuzwa nusu jiwe na mkewe, hicho sikiweki katika fungu hilo. Mke anamchapa mumewe mijeledi mia kila siku, na watu wa mji amewageuza samaki wa rangi nne, Waislamu weupe, Majusi wekundu, Manasara wa buluu, Mayahudi wa manjano. Ni kisa cha ajabu, lakini kimejengwa juu ya dharau mbili. Ya kwanza ni kwamba mwanamke akipewa nguvu hana atakalolifanya nazo ila kumkhini mume. Na ya pili, ambayo sisi watu wa pwani tungepaswa kuisikia zaidi, ni jinsi yule hawara wake mtumwa mweusi anavyoelezwa, kama kwamba weusi wake ndio uthibitisho wa uovu wenyewe. Tunakisoma, tunacheka, na sisi ndio tunaotukanwa.

Na ajabu kubwa ni hii. Mwenye nguvu kuliko wote katika kitabu kile hana sihri kabisa. Mfalme Shahriyar, aliyekhiniwa na mkewe, aliapa kuoa msichana kila usiku na kumwua asubuhi. Wachawi wote waliomo visani hawakuweza kumzuia. Aliyemzuia ni Shahrazadi, binti wa waziri, ambaye tunaambiwa alisoma vitabu vya khabari za wafalme na mashairi na hekima, akajitolea mwenyewe kuolewa ili awaokoe mabinti wa Kiislamu, akamfunga mfalme kwa maneno usiku baada ya usiku. Hakupuliza fundo wala hakufukia kitu chini ya mlango. Kwa nini binti zetu tunawasimulia majini na wachawi wa Shahrazadi, na Shahrazadi mwenyewe tunamruka kama kwamba ni dibaji tu?

Wazungu walikipata kitabu hiki kwa mkono wa Mfaransa Antoine Galland, aliyekitoa kwa Kifaransa baina ya mwaka 1704 na 1717, na tangu hapo majini yetu hayakutoka tena katika hadithi zao. Yule malkia wa barafu aliyemkasirisha bwana wetu, mtunzi wake amemtolea nasaba: kwa upande mmoja anatokana na majitu, na kwa upande wa pili anatokana na Lilith, ambaye ati alikuwa mke wa kwanza wa Adam naye ni katika majini. Mnaona? Ni yale yale ya Malkia wa Sabaa! Mashariki na Magharibi wameafikiana katika hili: mwanamke akitawala, mtafutieni jini katika ukoo wake.

Mmarekani L. Frank Baum, mwaka 1900, alitunga kisa cha nchi ya Oz, chenye wachawi wanawake wanne, wawili wema na wawili waovu. Wa tano ni mwanamume anayeitwa mchawi mkuu, anayekaa katika mji wa zumaridi na kila mtu anamwogopa. Mwisho hubainika kuwa hana sihri yoyote. Ni mtu wa sarakasi, aliyefika kwa baluni, anayetawala kwa sauti ya kuigiza na mapazia. Na yeye ndiye aliyemtuma mtoto mdogo akamwue mchawi wa magharibi. Baum hakuwa Mwislamu, lakini huyo mtu wa nyuma ya pazia namjua. Nimemwona kwetu, ana kilemba kikubwa na kitabu cha falaki asichoweza kukisoma.

Kisha mwaka 1995 akaja Mmarekani mwingine, Gregory Maguire, akakigeuza kisa: yule mchawi mwovu wa magharibi alikuwa msichana mwenye akili aliyezaliwa na ngozi ya kijani, watu wakamkimbia kwa rangi yake, na alipompinga mtawala akaitwa mwovu. Kisa hicho kikafanywa mchezo wa nyimbo mwaka 2003 na filamu mwaka 2024, na binti zetu wanaziimba nyimbo zake kwenye simu. Hapa nasema la haki kwa pande zote mbili. Kweli amesema kweli kwamba jina la mchawi mara nyingi hubandikwa na mwenye nguvu juu ya asiyemtii. Lakini ameongeza uwongo wake, kwamba sihri yenyewe ni kipawa tu, kama sauti nzuri, na mwenye nacho hana la kuulizwa ila kama ana moyo safi. Hilo Mwislamu halikubali. Moyo safi hauihalalishi sihri, kama usivyoihalalisha riba.

Nimesema binti asome, na nitaambiwa kuwa haya ni mambo ya vitabu tu, mbona unayakuza. Nayakuza kwa sababu hayabaki vitabuni. Mume akionekana anamchukulia mkewe kapu la sokoni, watasema amelishwa limbwata, kama kwamba mapenzi na huruma baina ya mume na mke, ambayo Mwenyezi Mungu ameyafanya kuwa ni katika ishara zake, hayawezi kupatikana ila kwa dawa. Mama mjane akifungua genge, likashamiri, watasema ana chuma ulete, anavuta fedha za wenziwe. Hapo jirani yake mwanamume mwenye duka na hirizi mbili juu ya mlango haambiwi chochote.

Na kuna mahali ambapo hayaishii kwenye maneno. Huko Usukumani, Tanzania, kwa miaka mingi bibi vizee waliuawa kwa mapanga kwa kuwa macho yao yalikuwa mekundu, na wekundu wenyewe ulitokana na moshi wa kupikia. Karibu yetu zaidi, huko Kilifi, wazee wenye mvi, wanaume na wanawake, wameuawa kwa kusingiziwa uchawi, na mara nyingi nyuma ya shutuma hiyo kuna shamba linalotakiwa na jamaa zao wenyewe. Ulaya nao walikuwa na zama zao. Baina ya karne ya 15 na ya 18 waliuawa kwa hukumu za mahakama watu wanaokisiwa kuwa 40,000 hadi 60,000, na wengi wao, kiasi cha robo tatu, ni wanawake.

Rejeeni sasa ile hadithi ya mambo saba. Baada ya shirki na sihri, la tatu ni kuiua nafsi iliyoharimishwa bila ya haki. Kisha imetajwa riba, na kula mali ya yatima, na kukimbia siku ya vita, na la saba ni kuwasingizia uchafu wanawake waumini waliohifadhika wasiokuwa na khabari. Kashfa hiyo ya saba ni ya zinaa, najua. Lakini tazama ulimi uliozoea kumkashifu mwanamke asiye na khabari utakomea wapi. Anayemwonyesha kidole mjane kuwa ni mchawi, akauawa, wanawe wakapokonywa shamba, amekusanya mangapi katika hayo saba kwa ajili ya kulikimbia moja? Imam Shafii, ambaye sisi wa pwani ndiye tumfuataye, amesema mwenye kudaiwa sihri aulizwe kwanza aieleze sihri yake ni kitu gani, ndipo ihukumiwe. Hakusema aulizwe mganga, wala ndoto, wala rangi ya macho. Na hukumu ni ya kadhi, si ya vijana wenye mapanga.

Sheikh al-Amin bin Ali Mazrui, alipotoa gazeti lake la Al-Islah hapa Mombasa mwaka 1932, alizipiga vita khurafa kwa kuanza na waliokuwa wakisoma gazeti lenyewe, yaani sisi wenye kanzu. Hakuanza na watoto. Amepokea Muslim kwamba mwenye kumwendea mpiga ramli akamwuliza kitu, hakubaliwi sala ya siku arubaini. Wangapi katika sisi tunaosimama safu ya mbele tuna arubaini hizo shingoni, moja juu ya nyingine? Wakati wa uchaguzi mabwana wanakwenda kwa mafundi usiku. Timu ya mpira haiingii uwanjani bila ya kumwagiwa kitu langoni. Kesi ya mirathi ikikaribia, watu wanatafuta hirizi ya kumfunga kadhi mdomo! Hao si malkia wa barafu. Ni baba zetu na kaka zetu.

Yule bwana nilikwenda kwake mara ya pili, na safari hii nikamwomba anite bintiye, akiwapo mamake, nimwulize juu ya kile kitabu. Msichana ana miaka kumi na miwili. Nikamwuliza: "Mwanangu, umempenda nani humu?" Akasema kampenda yule mtoto mdogo wa kike aliyekuwa akisema kweli na nduguze hawamwamini. Nikamwuliza: "Na yule bibi mchawi?" Akafikiri kidogo, akasema: "Yule bibi hakuwa na nguvu ya kuwapata wale watoto, Maalim, mpaka kaka yao alipokula haluwa yake. Alitaka haluwa nyingine, ndiyo akawauza wenziwe."

Hivyo ndivyo kisa kilivyo. Kijana yule anapewa haluwa ya Kituruki iliyotiwa sihri, na kwa tamaa yake anakubali kuwaleta ndugu zake mkononi mwa malkia. Babake alikuwa amekaa pale, kimya, anaitazama sakafu. Mamake alitoka kwenda kuleta kahawa, na nadhani alikuwa anacheka.

Kitabu amerejeshewa msichana, akakirudisha shuleni kabla ya muda kwisha. Hirizi zile mbili, nilipopita juzi kununua sukari, zilikuwa bado ziko juu ya mlango, na kilichofukiwa chini hakijafukuliwa. Bwana aliniambia anataka kwanza apate rai yangu kwa maandishi. Rai yangu ni hii, ameshaandikiwa, na jembe ninalo nyumbani, yuko huru kuliazima.